Nani Amekula Ploti ya Mzee Kinyanjui?

Kabla hujasikia uongo kutoka kwa mama wa nambari tisa, sikia ukweli kutoka kwangu: ufunguo wa juu kabisa, kule tunakoanika nguo, ni mimi niliyempa Ogutu. Sikuhongwa. Alinichosha tu.

Naitwa Milcah, au Mama Ryan ukipenda. Mimi ndiye caretaker wa flati za Mzee Kinyanjui hapa mtaa wa Satellite, mwaka wa kumi na moja sasa. Milango ishirini na nne, geti moja, matangi mawili ya maji, na wapangaji ambao kila mmoja anaamini maji yakikatika ni mimi nimeyanywa. Kazi hii inataka mdomo, na mdomo Mungu alinipa wa kutosha na wa ziada.

Ogutu anakaa nambari kumi na nne. Mtu mrefu, mpole, shati limechomekwa ndani ya suruali hata akienda kununua maziwa. Mkewe yuko nyumbani Busia, anaangalia boma. Kwa miaka mitano sikujua huyu mtu anafanya kazi gani. Asubuhi anatoka na mrija mrefu wa plastiki mgongoni, jioni anarudi nao, nikajiambia huyu ni fundi wa mabomba. Basi siku choo cha nambari tatu kilipoziba, nikamgongea mlango.

"Ogutu, leta vifaa tuende."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa achinje ng'ombe. Kisha akafungua ule mrija, akatoa karatasi, akaikunjua juu ya kitanda. Wueh! Jumba la ghorofa tisa, vioo vitupu, miti mbele, watu wanapita, na kivuli cha kila mmoja kimelala upande mmoja.

"Hii iko wapi?" nikamuuliza.

"Bado haijajengwa."

"Sasa wewe umeiona wapi?"

Akacheka mpaka akakaa. Choo nikakitafutia mtu mwingine.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kulikuwa na ofisi moja huko tauni, katikati ya mji, orofa ya saba, ya watu wa kuchora ramani za majengo. Wenye pesa hawawezi kusoma ramani, wanaona mistari tu, kwa hiyo kulihitajika mtu wa kuwaonyesha jengo litakavyokuwa likisimama. Huyo mtu ni Ogutu. Kwa wino na rula, miaka ishirini na miwili. Na katika kila picha alikuwa anaweka mama mmoja anayepita na kiondo cha sukumawiki. Mkubwa wake alikasirika mara nyingi, ati sukuma haifai mbele ya benki. Ogutu anasema, "Ndiyo mkubwa," kisha picha inayofuata, mama huyo tena, na sukuma zake zimetokeza.

Kisha kompyuta zikaja. Akaletewa kijana anaitwa Lenox amfundishe kazi, na wiki ya tatu Lenox ndiye alikuwa anamfundisha yeye. Kitu ambacho Ogutu alikichora kwa siku tisa, kijana anakimaliza kabla ya chai ya saa nne, na ukitaka anakizungusha uone hata nyuma. Ofisi ikamkatia Ogutu keki, ikamnunulia soda, ikampa saa ya ukutani. Saa! Mtu hana tena mahali pa kuwahi, halafu unampa saa. Mimi ningewarudishia palepale.

Akaanza kuchorea watu wa Ngara mabango ya maduka. Vichwa vya kinyozi, spea za pikipiki, sufuria za jumla. Lakini hata Ngara siku hizi wanataka bango la kuprintiwa. Akawa anarudi saa nane mchana, anakaa kwenye ngazi, mikono juu ya magoti, hana la kufanya. Nilimwonea huruma, sitaficha. Na mimi mtu akinitia huruma ndiyo kwanza namfokea.

Mambo yalianzia kwenye hizo ngazi. Nilikuwa nimetoka tu kupiga deki, maji hayajakauka, nikamkuta Cate amechora kwa chaki kila mahali. Cate ni msichana wa Wanjugu wa nambari sita, ana miaka tisa na mdomo kama wangu. Nilikuwa nimeshainua ufagio Ogutu aliposema nyuma yangu, "Ebu subiri kidogo, Mama Ryan."

Akachuchumaa. "Cate, hii ni nini?"

"Gari."

"Iko na magurudumu manne upande huu?"

"Ndiyo."

"Na upande ule mwingine?"

Cate akafikiria. "Manne pia."

"Basi hiyo ni lori. Na hii nyumba, nikipita hapa kwa mlango, nitaingia wapi?"

"Ndani."

"Ndani gani? Si naona ni kama karatasi imebandikwa. Nikiingia nitatokea upande wa pili nianguke." Akachukua chaki, akavuta mistari mitatu tu, sikuzidishii, mitatu, na ile nyumba ikageuka. Ikawa na kona. Ikawa na ubavu unaokwenda nyuma. Mtoto akarudi hatua moja, akaigusa ngazi kwa kiganja kuona kama ni bapa bado. Mimi pia niliigusa, lakini baadaye, watu walipoondoka.

Baada ya hapo ndipo aliponianza. "Mama Ryan, watoto wa ploti wako wengi. Nipe huko juu Jumamosi asubuhi niwafundishe kuchora."

Jumamosi! Siku ambayo ploti nzima inafua! Nikamwambia hapana. Kila siku akipita, "Mama Ryan, umefikiria?" Kwa upole, bila kelele. Mtu akinipigia kelele namweza, lakini upole huo sina dawa yake. Wiki ya tatu nikamtupia ufunguo. Saa tatu hadi saa sita, nikasema, na shuka ya mtu ikiguswa na rangi, wewe na mimi tutajuana. Mzee Kinyanjui sikumwambia. Hapo ndipo nilipokosea, na ninakiri.

Walikuja watoto kumi na mmoja, pamoja na Ryan wangu. Kila mmoja akachora nyumba ya mraba, paa la pembetatu, na jua limekaa kwenye kona ya karatasi, miale yake kama ndevu. Ogutu hakuwacheka. Aliwapanga mstari, akawaelekeza kwenye kamba zangu za nguo, ambazo ni nne na zinatoka ukuta huu hadi ukuta ule.

"Hapa karibu, kamba na kamba ziko mbali au zimekaribiana?"

"Mbali!"

"Na kule mwisho?"

"Zimebanana!" wakapiga kelele. Na mimi, caretaker, niliyezifunga hizo kamba kwa mikono yangu, nikatazama. Haki ya Mungu, zilikuwa zimebanana. Miaka kumi na mmoja naanika nguo, sijawahi kuona.

Sikukuu moja akasema tuwapeleke tauni, wakaone mtaa mrefu wakati hakuna magari. Wazazi wakakataa watoto kwenda bila mama, kwa hiyo mama nikawa mimi, nikaharibu sikukuu yangu. Tukasimama kando ya Moi Avenue, barabara tupu, wachuuzi wachache wanatandika viatu vyao. Ogutu akawaambia wafunge jicho moja, watazame taa za barabarani, wamwambie ni gani ndefu kuliko zote. Wakasema ya kwanza. Ryan akatumwa akimbie mpaka ya mwisho. Alirudi ulimi nje.

"Mwalimu, ziko sawa! Ile ya mwisho ni kubwa kama hii! Zimetudanganya!"

"Hazijadanganya," Ogutu akasema. "Macho yako yanakwambia vile kitu kiko, na pia wewe umesimama wapi. Mara moja, yote mawili."

Askari wa kaunti akaja, amebeba rungu. "Mama, kwani hawa watoto wana shida gani? Wote wamefunga jicho."

Kabla sijajibu, Cate akasema, "Tunatafuta mahali barabara inapotelea."

Yule askari akageuka, akafunga jicho lake. "Si iko pale," akasema, "nyuma ya ile basi imeegeshwa." Akakaa nasi dakika kumi, anabishana na watoto kama ni nyuma ya basi au ni kushoto kidogo.

Sasa nije kwa Mzee Kinyanjui. Ana miaka sabini na nne, anaishi kule Dagoretti kwenye nyumba yake, anakuja huku kila mwezi amevaa koti hata kukiwa na jua la Januari. Akifika hasalimii mtu kwanza. Anazunguka ukuta wa ploti, anagusa kona zote nne kwa fimbo, moja, mbili, tatu, nne. Ndipo anasema, "Milcah, habari yako." Ukimuuliza lolote kuhusu ploti, iwe ni maji, iwe ni takataka, jibu lake linaanza na, "Hii ploti yangu ni futi hamsini kwa mia, kamili." Sisi tulikuwa tunamwigiza akishaondoka.

Mwaka jana alimaliza kujenga nyumba ya pili huko nyuma, akapanga siku ya kuibariki. Mchungaji, hema, pilau, ukoo wote. Alikuja Jumamosi kupima mahali pa kuweka hema, na mimi nikiwa sokoni. Niliporudi nikasikia sauti yake huko juu. Nilipanda ngazi kumi kumi nikijua leo kazi imeisha.

Nikamkuta katikati ya watoto, ameshika mchoro wa Ryan, anautazama kwa karibu sana.

"Hawa ndio wamechora hii?"

"Ni wao, Mzee," Ogutu akajibu.

"Na wewe Milcah ulijua."

"Nilijua, Mzee. Nisamehe."

Akamrudishia Ryan mchoro wake. Kisha akasema yale maneno ambayo yalituingiza sote kwenye shida. "Nataka wanichoree ploti yangu kwa ule ukuta wa kando ya geti, upande wa ndani. Ploti yote, nyumba zote mbili, wageni wakiingia waone. Mkinifurahisha, huku juu ni kwenu siku zote, nitawawekea hata paa la kivuli. Mkiniharibia, nimalize ile mpango yangu ya kujenga vyumba vya mabati hapa. Sawa?"

Ogutu akasema sawa. Alisema haraka mno. Nilijua kwa nini. Hilo darasa ndilo lilikuwa limebaki. Ofisi ilikwenda, mabango yakaenda, na Jumamosi saa tatu ndiyo ilikuwa saa ya pekee katika wiki ambayo mtu alikuwa anamngoja Ogutu mahali. Vyumba vya mabati vikijengwa pale, angerudi kukaa kwenye ngazi, mikono juu ya magoti.

Wakafanya kazi Jumamosi tatu. Alikopa kamba yangu ya nguo, mpya kabisa, akaipaka chaki ya buluu, akagonga msumari ukutani usawa wa macho, pale mistari yote itakapokutana. Watoto wawili wanaivuta kamba kutoka kwenye msumari, wa tatu anaibana na kuiachilia, pwa! Mstari. Wengine wakapaka rangi. Milango ishirini na nne, kila mmoja na nambari yake. Kamba za nguo, hata shuka ya maua ya mama wa nambari tisa. Ukisimama getini na kuitazama, ungedhani ukuta umetobolewa na ploti inaendelea huko ndani. Mbwa wa jirani aliingia akajaribu kupita, akagonga pua. Sikutungii.

Ijumaa, siku moja kabla ya kubariki, Mzee akaja kuiona. Watoto walikuwa wametoka shule wakabaki kumngoja, wamejipanga na yunifomu zao, tabasamu hadi masikioni. Mzee akasimama mbele ya ukuta. Akatazama. Akasogea. Tabasamu nikaliona linaanza usoni mwake, likafika nusu, likarudi.

"Milcah. Niletee tepu ya kupimia."

Nikaleta. Akapima ukuta wa mbele kwenye picha. Akaandika kwenye kiganja. Akainama, magoti yakilia, akapima ukuta wa nyuma. Akaandika. Akainuka polepole.

"Hapa mbele ni sentimita mia moja na ishirini. Huku nyuma ni thelathini na nne." Akatugeukia. "Nani amekula ploti yangu?"

Woi. Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikaacha.

"Mzee, haijaliwa," Ogutu akaanza. "Ni kwa sababu upeo wa macho, ile mistari sambamba ikielekea kwenye..."

"Usinisomee! Mimi nimeuliza kitu moja. Ploti ni hamsini mbele na hamsini nyuma. Nina cheti. Wewe umenichorea kitu imekonda huko nyuma kama mkia ya panya! Na angalia huyu Karanja." Karanja ni jirani wa upande wa kushoto. "Ukuta yake imeingia kwangu yote! Karanja amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, Mzee."

"Kesho ukoo wangu wote wanapita hapa. Waone nimekatwa na nimenyamaza? Waseme nimekuwa kama..." Akakata maneno. Akapumua. "Nyoosha hii kitu. Hamsini mbele, hamsini nyuma. Jua likizama kama bado haijanyooshwa, Jumatatu naleta mabati."

Nikamvuta Ogutu kando. Nilimwambia wazi, "Nyoosha! Kwani ni nini? Ni rangi! Chora hamsini hata mahali pane, mzee aende na furaha yake, wewe ubaki na watoto wako."

"Mama Ryan, itakuwa uongo."

"Uongo wa ukuta! Utakufa nao?"

Akachukua burashi, akachovya kwenye rangi nyeupe, akapanda kiti. Watoto wote kumi na mmoja wakamtazama. Burashi ikakaribia ule ukuta wa nyuma, ikasimama. Rangi ikadondoka tone moja kwenye kiatu chake. Alisimama hivyo muda mrefu sana, mimi kwa moyo namsukuma, paka, paka, mwanaume, paka. Kisha akashuka.

"Siwezi," akasema. "Mzee, nisamehe, lete mabati. Hawa nimewaambia wachore vile wanaona. Nikifuta leo mbele yao, sitakuwa nimewafundisha kitu."

Nikalia. Mimi, Milcah, mbele ya mpangaji na mwenye ploti, nikatoa machozi, na hasira juu. Ningempiga kwa ile burashi na ningemkumbatia, vyote viwili.

Hapo ndipo Cate alipotoka kwenye mstari. "Guka," akamwambia Mzee, kama wanavyowaita babu zao kwao, "simama hapa getini. Nyoosha mkono. Fanya hivi na vidole." Akamwonyesha kidole gumba na cha pili, kama mtu anayeshika biskuti. Mzee, sijui ni mshangao, akanyoosha.

"Nitoshe hapo katikati ya vidole."

"Hutoshi. Wewe ni mkubwa."

Cate akakimbia. Akapita nyumba ya kwanza, akapita matangi, akapita nyumba mpya, mpaka ukuta wa mwisho kabisa wa ploti. Akageuka, akasimama wima, sketi ya shule imepinda, akapiga kelele kutoka kule:

"Guka! Sasa natosha?"

Mzee akafunga jicho moja. Nilikuwa karibu naye, nikaona. Mtoto mzima, kutoka kichwa hadi viatu, aliingia katikati ya vidole vile na nafasi ikabaki.

"Unatosha," akasema kwa sauti ndogo.

"Nani amenikula?"

Mzee akautazama ule ukuta nyuma ya mtoto. "Hakuna amekukula!" mwishowe akapaza sauti. "Uko mbali tu!"

"Basi hata ukuta uko mbali!"

Mzee akashusha mkono. Akachukua tepu, akaenda mwenyewe huko nyuma, akapima ule ukuta halisi, kona hadi kona, mimi nikimshikia upande mmoja. Futi hamsini. Akarudi getini, akainua vidole, akaupima kwa jicho. Akaenda tena nyuma. Mara tatu, na joto hilo, na koti hilo. Mara ya tatu akakalia ndoo iliyofunikwa, karibu na picha, akavua kofia.

"Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa," akasema. Hakuwa anaongea nasi hasa. "Shamba yake ilikuwa imepakana na ya ndugu yake. Mpaka ilikuwa ni maua, yale yanapandwa kwa mpaka. Kila msimu ndugu anayang'oa usiku anayasogeza, mstari mmoja wa mahindi. Mmoja tu. Baba anaona, anasema, ni ndugu yangu. Mwaka unaofuata, mmoja. Alipokufa tukaja kupima, nusu imeenda. Nilimkasirikia baba hata kwa kaburi. Mpaka leo nikiona mistari mbili zinakaribiana, natafuta tepu."

Cate alikuwa amerudi anahema, akakaa chini karibu na ile ndoo.

"Fundi," Mzee akamwita Ogutu. "Wacha hii picha vile iko. Lakini huko nyuma kabisa andika, 'Hapa pia ni futi hamsini.' Ukoo wangu ni watu wa maneno."

Cate ndiye aliandika. Mzee akalalamika kwamba maandishi ni madogo, hayasomeki, Cate akamwambia asogee karibu. Kesho yake mchungaji alibariki, pilau ikaliwa, na foleni ya wageni ikasimama getini, kila mtu jicho moja limefungwa, vidole juu, wanapimana wao kwa wao. Shemeji mmoja mnene aliambiwa aende mpaka ukuta wa mwisho na bado hakutosha kwenye vidole vya mtu. Mabati hatukuyasikia tena.

Lakini Jumamosi iliyofuata, saa tatu kamili, nikasikia fimbo kwenye ngazi. Mzee Kinyanjui, na daftari la shule chini ya kwapa, na penseli mpya.

"Nimekuja kuchora shamba ya baba," akamwambia Ogutu. "Nifundishe."

Ogutu akamuuliza, "Mzee, ukikumbuka hiyo shamba, unaiona ukiwa umesimama wapi? Na ulikuwa mrefu kiasi gani?"

Mzee akafikiria. Akashusha mkono wake mpaka karibu na goti, akauacha hapo.

"Basi kaa chini kabisa, macho yako yawe hapo."

Na akakaa. Sabini na nne, koti, suruali ya pasi, akakaa kwenye simiti katikati ya Cate na Ryan, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Nilimletea karatasi ya boksi akalie, akanifukuza. Akavuta mistari yake miwili ya maua ya mpaka, ikaenda, ikaenda, ikakutana huko mbali, wala hakulalamika. Huko mbali akachora kitu kidogo kama harage.

"Huyo ni nani?" Cate akauliza.

"Ni baba. Anapalilia."

Akaitazama picha yake muda mrefu. Kisha akamwita Ogutu. "Fundi, naweza kumleta karibu kidogo?"

"Ni picha yako, Mzee. Mlete."

Akafuta, akamchora tena katikati ya shamba, sasa urefu wa kidole. Akatazama. Akafuta. Akamleta karibu zaidi, kofia ikaonekana, jembe likaonekana. Akafuta tena. Watoto walikuwa wameacha kazi zao wamemzunguka, na mimi nimesimama na beseni la nguo za watu kwenye kiuno, nimesahau kuzianika. Mara ya nne au ya tano baba alikuwa amefika mbele kabisa. Uso wake umejaa ukurasa, mabega yamegusa pande zote mbili za daftari, na Mzee alikuwa anamchora masharubu, unywele mmoja baada ya mwingine, ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo. Maua ya mpaka yote yalikuwa yamefutika.

"Guka," Cate akasema, "na shamba? Shamba limeenda wapi?"

"Liko huko nyuma yake," Mzee akasema, na hakuinua kichwa.